Nani Alimwona Doto?

Jumamosi, Buswelu. Mvua ya asubuhi imekatika ila bati la jirani bado linadondosha. Vijidudu vya ziwani vimejaa dirishani mpaka nimeshindwa kulifungua. Nina hasira, na leo sina mpango wa kuificha.

Jina langu halimo.

Ngoja nianze vizuri, maana najua wapo wawili watatu wanaosoma hapa bila kunifahamu. Naitwa Adelina. Kazi yangu ni kujaribu programu kabla watu hawajaanza kuzitumia. Wenzangu wanaandika, mimi naharibu. Nabonyeza pasipotakiwa kubonyezwa, nazima simu katikati ya kazi, naweka herufi mahali panapotaka namba. Kisha naandika taarifa: hapa pamevunjika, pamevunjika hivi, ukitaka kuona mwenyewe fuata hatua hizi. Nilipomweleza mama yangu kwenye simu, yeye yuko Muleba, aliuliza kama hawana kazi ya kujenga.

Kwa miaka mitatu nimejitolea kwenye mradi mmoja wa programu huria, yaani zile zilizowekwa wazi ili mtu yeyote duniani azitumie bure na azirekebishe akitaka. Yetu ni ya kliniki za watoto. Nesi anaandika uzito na chanjo kwenye kishikwambi, na mtoto asipoletwa siku yake, programu inamkumbusha nesi amtafute. Wanaoitengeneza wametawanyika nchi nyingi. Wengi wao sijawahi kuwaona sura.

Jana toleo jipya limetoka. Chini kabisa ya tangazo kuna orodha ya waliolifanikisha. Nimeisoma mara nne, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya mtihani yaliyobandikwa ukutani. Majina ni kumi na moja, na wote ni waandishi wa programu. Mjaribu hata mmoja hayumo. Na kwa lile tatizo la mapacha, ambalo ndilo lililochelewesha toleo hili, ameshukuriwa kijana mmoja aliyeandika mstari mmoja.

Mstari mmoja!

Sina ugomvi naye. Mstari wenyewe kauandika vizuri, nimeujaribu nikaona. Lakini kuanzia leo, kwenye ukurasa huu, anaitwa Bwana Mstari.

Ingekuwa ni sifa tu, ningenuna siku moja yakaisha. Bahati mbaya si sifa tu. Wiki iliyopita nilifanya usaili kwenye ofisi moja hapa mjini inayotafuta mjaribu wa kudumu. Ni kazi yenye mkataba, yenye meza, yenye mtu wa kukuuliza umefikaje nyumbani. Nilijibu maswali yote. Mwishoni dada aliyekuwa ananihoji akafungua orodha ya wachangiaji wa mradi wetu, akaishusha na kidole mpaka mwisho, akaipandisha tena. Akaniuliza kwa upole, jina lako liko wapi? Nikasema toleo jipya linakuja, nitakuwemo. Nikasema hivyo bila kupepesa macho. Akaniambia basi nimtumie ushahidi kabla ofisi haijafunguliwa Jumatatu.

Nilikuwa na uhakika gani? Sijui. Nilidhani watu wanaona.

Watu hawaoni. Hilo ndilo nililojifunza kwa miaka mitatu, na ndilo linalonikera. Kazi ya mjaribu ikifanikiwa, hakuna kinachotokea. Programu haikwami, mtoto hapotei, nesi hatukani. Nani atashukuru kwa jambo ambalo halikutokea? Aliyeandika anaweza kuonyesha alichoandika. Mimi nionyeshe nini, shimo ambalo hakuna aliyetumbukia?

Na mimi si wa kubonyeza bonyeza tu nikiwa nimekaa kwenye kochi. Manesi wengi huandika kwa mkono mmoja, mwingine umemshika mtoto. Kwa hiyo ninapojaribu programu hii nabeba mfuko wa sembe wa kilo tano kwenye mkono wa kushoto, naandika kwa wa kulia, na mara kwa mara nautikisa mfuko kama unalia. Dada yangu alinikuta siku moja akataka kuniombea. Nilipotaka kujua programu inafanya nini mtandao ukikatika katikati ya kazi, nilipanda kivuko cha Kamanga, nikaenda na kurudi bila kushuka, kwa sababu kuna mahali majini simu yangu hupoteza mtandao na kuupata tena baadaye. Nilifanya hivyo mara tatu siku moja. Mkata tiketi aliniuliza kama nimefiwa.

Kwenye orodha ya jana kivuko hakimo, sembe haimo, mimi simo.

Sasa hayo ya mapacha.

Kuna zahanati moja, unaipita Kisesa unaendelea kidogo, ambayo ilikubali kuijaribu programu yetu huku ikiendelea na kadi za karatasi. Anayesimamia kliniki ya watoto pale ni Nesi Felista. Amebakiza muda mfupi astaafu, ana miwani inayoning'inia kwa uzi shingoni na sauti inayofika barabarani. Mimi huenda siku za kliniki, nakaa pembeni na daftari langu, naangalia vidole vyake. Siku hiyo nilimwamkia shikamoo kama kawaida. Akaitikia, "Marahaba mwanangu. Leo umekuja kuvunja nini?"

Kina mama walikuwa wamejaa kwenye benchi. Nesi akampima Kulwa, akaandika. Akampima Doto, akaandika. Akamchoma Kulwa sindano yake, akaandika. Aliporudi kwenye kishikwambi kutafuta anayefuata, Doto hakuwepo. Palikuwa na Kulwa peke yake, mwenye sindano tayari. Nesi akavaa miwani, akaangalia tena.

"Nimepima watoto wawili, hiki kinaniambia mmoja. Doto kaenda wapi?"

Doto alikuwa mapajani kwa mama yake ananyonya ngumi. Ndani ya programu alikuwa amemezwa na pacha wake, na kumbukumbu ilionyesha ameshachanjwa. Ni kadi ya karatasi tu iliyokuwa inasema ukweli. Siku kadi hizo zitakapoondolewa, mtoto wa namna hiyo atarudi nyumbani bila chanjo, na programu haitamkumbusha mtu yeyote, kwa sababu kwa hesabu yake hakuna anayekosekana.

Hapa nikiri jambo la kwanza. Nilidhani nesi amekosea. Nilichukua kishikwambi nikamwonyesha kisanduku kidogo kinachouliza kama mtoto ni pacha. Hakuwa amekiwekea alama. Nikasema kwa ile sauti yetu ya watu wa kompyuta, sauti ya upole wenye dharau ndani yake, kwamba pale alitakiwa kubonyeza. Alinitazama juu ya miwani.

"Nimeandika Kulwa. Nimeandika Doto. Halafu kinaniuliza kama ni mapacha? Kinataka niseme mara ngapi?"

Kina mama walicheka. Nilicheka na mimi, halafu nikaacha kucheka.

Mimi ni Mhaya, lakini miaka niliyoishi Mwanza inatosha. Hakuna asiyejua huku kwamba kwa Wasukuma pacha anayetangulia kuzaliwa ni Kulwa, anayemfuata ni Doto. Jina limeshasema yote. Nesi hawezi kubonyeza kisanduku kueleza jambo alilokwisha kulieleza, kama vile wewe usivyomwambia mtu "mama yangu, ambaye ni mwanamke". Na programu kwa upande wake haijali jina la kwanza la mtoto. Waandishi waliamua hivyo kwa nia njema, kwa kuwa watoto wengi huandikishwa kwa jina moja na kurudi na lingine baada ya kubatizwa. Mama akiwa mmoja, siku ya kuzaliwa moja, jinsia moja na namba ya simu moja, programu huchukulia ni mtoto yuleyule kaandikwa mara mbili, inawaunganisha kimyakimya. Kilichokuwa kinawatenganisha mapacha ni kile kisanduku peke yake.

Miaka mitatu nilikuwa nakijaribu kisanduku hicho. Nilikuwa naandika Mtoto Kwanza, Mtoto Pili, naweka alama kama mwanafunzi mtiifu, kila kitu kinakwenda sawa. Sikuwahi kuandika Kulwa na Doto. Niko Mwanza, na sikuwahi.

Niliandika taarifa siku hiyohiyo. Msimamizi wa mradi, anaitwa Markus, yuko mbali huko kwenye baridi, akajibu kwamba amejaribu na hajaona tatizo, mtumiaji hakuweka alama, kosa ni la mtumiaji. Akaifunga taarifa, yaani kwake suala limekwisha. Nikaifungua. Akaifunga tena, akaongeza samahani. Nikaifungua, nikaandika kwamba mtumiaji wa Usukuma hatakosa kulifanya kosa hilo hata mara moja, na kosa linalofanywa na kila mtu si kosa la mtu. Siku kadhaa kimya. Kisha toleo likaahirishwa, Bwana Mstari akaandika mstari wake: programu inapodhani watoto wawili ni mmoja, isiwaunganishe bali imuulize nesi kwanza, huyu ni mwingine au ni yuleyule?

Basi leo asubuhi nikaketi nikusanye ushahidi wa kumtumia Markus. Nilitaka kumwonyesha taarifa zangu zote, moja baada ya nyingine, aone aibu. Nikaanza na hii ya mapacha. Nikaisoma nikiwa nimejiandaa kujisikia fahari.

"Nimegundua kwamba..." Ndivyo nilivyoanza. Nimegundua. Mimi. Chini kidogo: "Napendekeza nesi aulizwe pale programu inapokuta mtoto anayefanana na mwingine."

Hilo pendekezo si langu. Alilisema Nesi Felista saa ya mapumziko, anamenya kiazi, hata hakuacha kumenya. Alisema waambie hao watu wako wasiniulize mwanzoni, waniulize pale wanapochanganyikiwa. Nililiandika kwenye daftari, nikalitafsiri, nikalituma. Jina lake halimo mahali popote. Hata neno "nesi mmoja aliniambia" halimo. Yeye ndiye aliyemwona Doto hayupo. Mimi nilikuwa nimekaa hatua mbili pembeni yake na kalamu mkononi nikimfundisha kubonyeza.

Nyani haoni kundule. Nimekaa na hiyo aibu kama nusu saa, chai imepoa.

Kisha nimeinuka. Aibu si sababu ya kunyamaza. Kama nimemfanyia mtu kile ninacholalamika kufanyiwa, dawa yake si kuacha kulalamika, ni kulalamika kwa ajili yetu wote wawili. Nimempigia simu Nesi Felista, nimemwomba radhi kwanza. Akasema hakuwa hata anajua kuna mahali pa kuandikwa. Nikamwuliza kama anaridhia jina lake liwekwe kwenye orodha. Nikasikia kuku wake.

"Andika," akasema. "Na uandike nesi. Nimeisomea."

Nimeandika. Kwenye miradi ya namna hii yeyote anaruhusiwa kuomba badiliko, hata kwenye ile faili ya majina. Nimeomba iongezwe mistari miwili: Adelina, mjaribu. Nesi Felista, mjaribu. Nimeambatanisha maelezo ya yote yaliyotokea, pamoja na sentensi inayosema kwamba taarifa yangu ya kwanza haikumtaja na kwamba hilo ni kosa langu. Iliniuma kuiandika. Nimeiacha ibaki.

Markus amejibu haraka kuliko siku zote. Nimsifu, si mtu mbaya. Amesema anathamini sana kazi yangu, kwamba orodha hiyo tangu mwanzo ni ya waandishi, lakini kwa heshima ya miaka yangu mitatu yuko tayari kuniweka mimi, leo hii, kama mtu wa pekee. Huyo mwingine haiwezekani. Hana akaunti kwenye mradi, hajawahi kutuma chochote, ni mtumiaji, na watumiaji wameshashukuriwa wote kwa pamoja kwenye sentensi ya mwisho. Kwa hiyo nilifunge ombi hili, nitume lingine lenye jina langu peke yake, atalipitisha kabla ya jioni.

Kabla ya jioni. Yaani Jumatatu ninayo kwenye mfuko.

Nitasema ukweli kwa kuwa hapa ndipo mahali pake. Nimelitaka. Nimelitaka jina langu kwenye ile orodha. Nimeshaanza kuandika ombi jipya, jina langu peke yake, linapendeza kweli likiwa peke yake. Nimejiambia Nesi Felista hatajua. Nimejiambia atastaafu, orodha ya kompyuta itamsaidia nini? Nimejiambia nikipata kazi nitakuwa na nguvu ya kumtetea baadaye. Sababu zilikuja zenyewe, zimepangana vizuri, kila moja imevaa suti.

Halafu nikasoma tena yale maneno: hajawahi kutuma chochote.

Hajawahi kutuma kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa natuma! Vidole vyake, macho yake, ulimi wake ule, vyote vimepita kwenye akaunti yangu kwa miaka mitatu vikatoka upande wa pili vikiwa vyangu. Nikikubali hili, basi na mimi nimemwacha mtu mapajani ananyonya ngumi kama Doto, halafu nimeandika kwamba hakuna anayekosekana. Nimefuta ombi jipya kabla sijalituma.

Nimemjibu Markus kwa Kiingereza changu kilichonyooka. Hapa naweka kwa lugha yangu, maana ndivyo nilivyolifikiri. Nimemwambia: unasema orodha ni ya waandishi, sawa, ibadilishe kichwa chake, iite orodha ya waandishi, usiiite ya waliofanikisha toleo. Maana toleo hili usingelitoa likiwa salama. Ungelitoa likiwa linameza watoto, na ungejipongeza. Aliyekuzuia ni mwanamke mmoja mwenye miwani ya uzi, na alikuzuia kwa kuhesabu watoto wake kwa macho kabla ya kuamini kioo. Akaunti hana. Mradi wako ndio unaohitaji akaunti, yeye alihitaji Doto achanjwe. Nimemwambia majina ni mawili au hakuna.

Nimetuma. Nimekula ugali kwa dagaa.

Nimemwandikia na yule dada wa usaili. Nimemwambia simo kwenye orodha, na nilipomwahidi kwamba nitakuwemo sikuwa na hakika. Nimemtumia njia ya kuliona ombi langu lenye majina mawili na majibizano yote chini yake. Hiyo ndiyo kazi yangu, nimemwambia, isome. Kama ofisi yake inatafuta mjaribu anayekubali kuambiwa tatizo halipo, itanikosa, na tutakuwa tumeepushana. Inawezekana nimeipoteza kazi hiyo. Nimeandika sentensi hii, nimeiangalia, bado inauma.

Markus amejibu tena sasa hivi, maneno mafupi. Hataki malumbano hadharani. Ananiomba, kwa faida ya mradi, nilifunge ombi mwenyewe.

Hapana, Markus.

Ombi liko wazi na mimi silifungi. Unaweza kulifunga wewe, ruhusa unayo, ni kubonyeza mara moja tu. Lakini wewe na mimi tunaujua mfumo huu. Anayefunga ombi huandikwa jina lake kamili chini yake, na saa aliyolifunga, na mtu yeyote duniani anaweza kulisoma. Hapo mfumo hausahau jina la mtu.

Bonyeza basi.